UZI: Chinchila Nairobi – acheni kuhesabu baridi, hesabuni unyevu

#1 MkaziWaRoshani

Wadau, picha za chinchila, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye manyoya mazito, zimejaa kwenye magrupu ya wafugaji siku hizi. Kila anayeuliza kama mnyama huyu anaweza kuishi Nairobi anapewa jibu lile lile: "Nairobi iko juu, kuna baridi, na chinchila ni wa milimani, kwa hivyo atajiona yuko kwao." Ni jibu tamu, lakini limekosa jambo kubwa, ndiyo sababu nikafungua uzi huu. Mwenye haraka ashike hili tu: chinchila ni mnyama wa ukavu kwanza, baridi ni ya pili. Na ukavu ndio Nairobi haina wa kutosha.

Tuanze kwao, milima ya Andes, Amerika Kusini. Wako wa aina mbili. Wa mkia mfupi (Chinchilla chinchilla) ni wa nyanda za juu kabisa, maeneo ya Bolivia, Argentina, Peru na kaskazini mwa Chile. Wa mkia mrefu (Chinchilla lanigera) ni wa Chile, na huyu ndiye babu wa hawa wa majumbani. Karibu na mji wa Illapel kuna hifadhi inayoitwa Las Chinchillas, ilitengwa mwaka 1983 kwa ajili yao.

Sasa sikilizeni. Makoloni ya huko Illapel yanaishi kati ya mita 400 na 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Yaani kwa mwinuko sisi ndio tuko juu! Tofauti ni mvua. Kule hupata kama milimita 200 kwa mwaka, tena karibu zote msimu wao wa baridi, kisha miezi na miezi ya jua kavu na mawe. Sisi hapa tunapata zaidi ya mara nne ya hizo, na zinakuja kwa misimu miwili.

Manyoya yake yalitengenezwa na mazingira hayo. Binadamu tundu moja la ngozi hutoa unywele mmoja au miwili. Kwa chinchila tundu moja hutoa zaidi ya 50. Ukimpuliza kidogo mgongoni manyoya yanajigawa na unaona ngozi kwa sekunde moja, halafu yanajifunga tena. Ni vizuri sana kwa usiku wa jangwani. Lakini yakilowa hadi ndani hayakauki upesi, na kuvu hupata makao. Kwa hivyo chinchila HAOGESHWI kwa maji, hata akichafuka vipi. Na hewa yenye unyevu mwingi inamsumbua vivyo hivyo, ila taratibu.

Wanaopendekeza unyevu wa hewa wanasema uwe chini ya asilimia 50. Asubuhi ya Mei au Julai hapa, ile ya ukungu na manyunyu, unyevu unapita 80 bila shida. Mtu anavaa koti zito anasema "hali ya hewa ya chinchila hii." Kwa joto, sawa. Kwa unyevu, hapana. Kabla ya kizimba, kabla ya mnyama mwenyewe, nunua kile kipimajoto kidogo chenye kipimo cha unyevu. Kiweke chumba unachokusudia, ukisome asubuhi, mchana na usiku, msimu wa mvua na wa jua. Namba zikikataa, wewe pia ukatae.

#2 MamaWawili

Asante kwa uzi. Binti yangu amenishika koo anataka chinchila, aliona kwa simu. Tuko ghorofa ya mwisho huku Ruaka. Unyevu sijapima, lakini Februari mchana nyumba inachemka, slabu inashika joto hadi saa tatu usiku. Nikiweka feni si itatosha?

#3 MkaziWaRoshani

Dada, feni haitamsaidia. Feni inatupoza sisi kwa sababu tunatoka jasho na upepo unalikausha. Chinchila hatoki jasho. Ukimwelekezea feni ndani ya chumba cha digrii 28 unampulizia hewa ya digrii 28 tu. Joto lake linatoka mwilini zaidi kupitia masikio, ndiyo maana ni makubwa, membamba na yana mishipa mingi. Ukiyaona yamekuwa mekundu sana ujue ameshaanza kuzidiwa.

Digrii 15 hadi 21 ni raha yake. Ikipita 25 uwe macho, na unyevu ukiwa juu hata hiyo 25 ni nyingi. Porini mchana wa jua kali hamwoni nje. Anajificha kwenye nyufa za miamba au chini ya mimea ya puya yenye miiba, mahali jiwe linabaki na ubaridi. Anatoka jua likizama. Kwa hivyo kazi yako ni kumpa "ufa" wa namna hiyo ndani ya nyumba.

Ghorofa ya mwisho chini ya slabu au mabati, kwa kweli siishauri. Ingekuwa ghorofa ya chini au ya kati, chagua chumba kisichopigwa na jua la magharibi. Tena kuna mbinu moja ya bei rahisi: nenda kwa mafundi wanaokata granaiti za meza za jikoni, uombe vipande vilivyobaki. Hutupwa pale nje kama takataka. Osha, kausha, weka kipande kimoja kwenye rafu ya kizimba. Kingine kiweke kwenye friji na ubadilishane nacho mchana. Utamkuta amejilaza juu yake, tumbo chini, miguu ameinyoosha nyuma.

#4 PwaniKabisa

Na sisi wa Mombasa tuseme nini? Au tufe na paka zetu tu?

#5 MkaziWaRoshani

Wa Pwani, mfugeni paka kwa amani 😂 Joto lenu na unyevu wenu vyote viwili ni adui zake. Bila chumba chenye kiyoyozi mchana na usiku, mwaka mzima, hapana. Na stima ikipotea mchana wa Machi? Hapana kabisa.

#6 Kiongozi_wa_Zamani

Mnatisha watu bure. Jamaa yangu Karen alikuwa na chinchila miaka mingi, hakuwa na kipimo wala granaiti, na alikuwa mzima. Mnyama ni mnyama, atazoea.

#7 MkaziWaRoshani

Mzee wangu, Karen kuna nyumba za mawe zenye kuta nene, dari za juu, miti kila upande. Mnyama wa jamaa yako hakuzoea kitu, aliwekwa penye ubaridi bila mwenyewe kujua sababu. Hamisha mnyama yule yule umpeleke kwenye chumba kimoja cha mabati Mukuru uone. Na kuhusu kuzoea, wanyama hawa wamefugwa kama miaka mia moja tu. Mbwa ana maelfu ya miaka na binadamu. Miaka mia haibadilishi manyoya.

#8 MsomajiTu

Hapo kwenye miaka mia nina swali. Kwani hawa wanaouzwa hawatoki porini? Nimesoma kwamba wako hatarini kutoweka.

#9 MkaziWaRoshani

Swali zuri. Wa porini wako hatarini kweli, aina zote mbili. Waliwindwa kwa ajili ya ngozi, mamilioni kwa mamilioni, kwa sababu koti moja la mtu mzima linakula ngozi mia moja na zaidi. Mwaka 1910 Chile, Bolivia, Peru na Argentina zilitia sahihi mkataba wa kuzuia uwindaji huo, lakini wakati huo walikuwa wamebaki wachache sana, na bei ya ngozi ikapanda, kwa hivyo majangili wakaongeza bidii.

Kisha akaja Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, mhandisi wa migodi aliyekuwa akifanya kazi Chile. Alikusanya chinchila 11 akawafikisha California mwaka 1923. Hakuwashusha kutoka milimani kwa siku moja. Aliwateremsha hatua kwa hatua, miezi mingi, wapate kuzoea joto la nyanda za chini, na melini akawawekea barafu. Sehemu kubwa ya chinchila wanaofugwa duniani leo ni uzao wa hao. Nia yake ilikuwa ngozi, tusimpambe. Lakini mtu aliyewajua vizuri kuliko wote enzi hizo aliona barafu ni ya lazima, halafu sisi tunabishana kuhusu kipimajoto.

#10 FundiVyuma

Mimi ni welda, Kamukunji. Nimewahi kuletewa mchoro wa kizimba cha hawa wanyama na mteja. Nilimtengenezea kama cha sungura, sakafu ya waya ili kinyesi kishuke chini. Hiyo ni sawa?

#11 DktWaMifugo

Fundi, ubarikiwe kwa kuuliza. Sakafu ya waya si nzuri kwao. Porini anaruka juu ya mawe bapa, nyayo zake ni laini, hazina manyoya chini. Kwenye waya anapata vidonda vya nyayo, na mguu ukinasa kwenye tundu wakati anaruka, unavunjika. Mifupa yao ya miguu ni myembamba mno. Weka sakafu nzima, na juu yake rafu za mbao zisizopakwa rangi wala vanishi.

Rafu zipishane, moja kushoto nyingine kulia, asije akaanguka kutoka juu hadi chini moja kwa moja. Wanaruka zaidi ya mita moja na nusu bila kujishughulisha, kwa hivyo kizimba kiwe kirefu kwenda juu. Plastiki usiweke popote. Ataitafuna, vipande vitaziba utumbo, na mnyama huyu hawezi kutapika.

Mbao pia zina uchaguzi wake. Mtufaa, mpeari na mforosadi ni salama, na hata matawi yake anaweza kutafuna. Epukeni mkaratusi, mti wa krismasi, mparachichi, na miti ya plamu na pichi. Najua Limuru kuna plamu kila ua, lakini msimkatie.

#12 KijanaWaUmoja

Na vumbi la kuogea? Naona wanauza kwenye mitandao bei ya kuua mtu. Si tuna Longonot hapa? Nikipanda nijaze mfuko wa vumbi la volkano nishuke nalo. Au ule unga mweupe wa Kariandusi karibu na Gilgil, ni laini kama poda.

#13 DktWaMifugo

Wazo lako lina akili ndani yake. Kwao chinchila hujigaragaza kwenye vumbi laini la mawe ya volkano, ambalo linaingia hadi kwenye ngozi, linanyonya mafuta na unyevu, kisha anajikung'uta. Kwa hivyo umeelewa kanuni. Tatizo ni malighafi.

Unga wa Kariandusi ni daiatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la zamani, na ni silika. Ukielea hewani unaingia mapafuni, yake na yako. Wanaoufanyia kazi wanashauriwa kuvaa barakoa, sasa wewe unataka mnyama wa gramu 600 atumbukize uso ndani? Usithubutu. Vumbi la Longonot ulilojichotea nalo limechanganyika: changarawe zenye ncha, mbegu, kinyesi cha wanyama, mayai ya minyoo. Mchanga wa mto wa Machakos hauna maana, punje ni kubwa, zinakata nywele bila kunyonya chochote. Poda ya mtoto pia hapana.

Nunua vumbi lililotengenezwa kwa ajili yao. Mfuko unakaa muda mrefu, maana haliachwi ndani ya kizimba. Unamwekea bakuli zito dakika kumi au kumi na tano, mara mbili tatu kwa wiki, halafu unalitoa. Likikaa siku nzima ataligeuza choo, na macho yatamwasha. Msimu wa mvua ongeza siku, kiangazi ngozi ikianza kukauka punguza. Tena weka gazeti chini, maana chumba kizima kitakuwa cheupe.

#14 MamaWawili

Haya, hapo kwenye chakula. Binti anasema wanapenda zabibu kavu. Mimi nina karoti na ndizi tele jikoni, na sukuma wiki haikosekani.

#15 MkaziWaRoshani

Anazipenda, ndiyo. Na ndipo matatizo yanapoanzia. Mlimani kule chakula chake ni nyasi ngumu, magome na majani makavu ya vichaka. Sukari karibu hakuna. Utumbo wake umejengwa kuchachusha nyuzinyuzi polepole, tena hula sehemu ya kinyesi chake laini ili chakula kipite mara ya pili. Usishtuke ukimwona. Ukimpa ndizi, gesi inajaa tumboni, hawezi kuitoa, na kwa muda mfupi unaweza kumpoteza.

Meno nayo. Yote, ya mbele na ya magego, yanakua maisha yake yote. Ya mbele hukua sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka. Kinachoyapunguza ni kule kusaga nyasi kavu saa nyingi kila usiku. Asiposaga, magego yanarefuka hadi yanachoma ulimi na taya, na mnyama anaacha kula akiwa na njaa. Mate yakianza kulowesha kidevu, daktari siku hiyo hiyo.

Bahati yetu ni kwamba nyasi si taabu hapa. Boma Rhodes inauzwa kwa beli na inamfaa, mradi ni kavu kweli. Ukilifungua beli lisikilize na ulinuse: nyasi nzuri inakatika kwa sauti, ina harufu tamu ya shamba na rangi bado ni ya kijani-kijani. Ukikuta vumbi jeusi katikati, au joto, au harufu ya gunia lililonyeshewa, rudisha. Hilo la katikati ndilo watu wengi hawalitazami, na kuvu huanzia huko. Lusani (alfalfa) acha, ni ya ng'ombe wa maziwa. Ina kalsiamu nyingi mno kwa chinchila mkubwa, isipokuwa labda mjamzito au anayenyonyesha. Sukuma wiki hapana. Maji safi kwenye chupa ya kuning'inia, kila siku. Mlimani anaweza kupata maji mengi kutoka kwenye umande na mimea, lakini hapa anakula nyasi kavu tupu.

#16 DktWaMifugo

Niongeze la dawa, tafadhali. Mnyama akiharisha au akipiga chafya, msikimbilie agrovet kununua antibayotiki ya sungura au ya kuku. Aina za penisilini na amoksisilini zikitolewa kwa mdomo zinaua bakteria wazuri wa utumbo wake, na mnyama anakufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Tafuta daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, umuulize wazi kama ameshawahi kutibu chinchila. Wengi wetu tumezoea ng'ombe na mbwa. Hilo si la kuona aibu, ila ujue kabla ya usiku wa dharura.

Akizidiwa na joto: mtoe haraka, mlaze juu ya kigae baridi, kitambaa chenye maji ya kawaida masikioni na nyayoni, kisha njiani kwa daktari. Maji ya barafu hapana, yanamshtua.

Na mkimshika, msimkamate mgongoni kwa ghafla. Porini mbweha au bundi akimnasa, anaachia fungu zima la manyoya na kukimbia. Atakufanyia wewe hivyo hivyo. Utabaki na ngumi ya manyoya, na yeye na kiraka kitakachochukua wiki nyingi kujaa. Mshike chini ya kifua na mkono mwingine ubebe makalio.

#17 BiasharaKwanza

Mnazungumza mapenzi, mimi nazungumza pesa. Hawa si ndio sungura wapya? Nikianza na jozi nitafika wapi kwa mwaka?

#18 MkaziWaRoshani

Kaka, mimba ya chinchila ni siku 111. Sungura ni kama mwezi mmoja. Na anazaa wawili hivi, si kumi. Watoto wanatoka na manyoya yao na macho yamefunguka, kwa sababu kwenye ufa wa jiwe hakuna nafasi ya kulea watoto wasio na manyoya. Mama anaweza kushika mimba tena punde tu baada ya kuzaa, na ukimwachia dume hapo utamchosha hadi afe.

Mnakumbuka kware wa 2013 na 2014? Kila mtu alikuwa na vizimba, yai lilikuwa dawa ya kila ugonjwa, KWS (shirika la wanyamapori) wakatoa leseni hadi wakachoka, halafu bei ikaanguka watu wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Kware angalau unamla. Chinchila anaishi miaka 10 hadi 20. Hao watakaokosa soko utawaweka wapi?

#19 Jirani_wa_Kabete

Kwa wanaotaka kuagiza kutoka nje: kabla ya kutuma hata shilingi, nenda idara ya huduma za mifugo pale Kabete uulize kibali cha kuingiza mnyama hai na cheti cha afya kinachotakiwa. Pia uwaulize KWS. Wa kufugwa hawabanwi na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini, kama wa porini, lakini hilo ni la mkataba, halikufungulii mlango wa forodha. Muuzaji akikuambia "karatasi nitashughulikia mimi," ondoka.

#20 MamaWawili

Nimesoma yote. Binti nimemwambia tununue kipimo kwanza, amenuna. Swali la mwisho: tukimpata, ni mmoja au wawili? Na Desemba tunaenda ushago, Siaya. Tunabeba?

#21 MkaziWaRoshani

Wawili wa jinsia moja, ikiwezekana waliokua pamoja. Kwao wanaishi kwa makundi, mpweke ananyong'onyea. Ukiwaunganisha wageni, vizimba viwili kando kwa kando kwanza, wiki kadhaa, maana wanaumana vibaya. Na jike akikasirika anasimama kwa miguu ya nyuma na kukurushia mkojo kwa shabaha nzuri tu, kwa hivyo mwonye binti.

Ushago usiwabebe. Gari la Desemba, foleni ya Nakuru, kisha joto na unyevu wa ziwani, hapana. Tafuta mtu wa kuja asubuhi na jioni: nyasi, maji, kusoma kipimo, kubadilisha granaiti. Mwandikie namba ya daktari kwenye karatasi na uibandike kwenye friji. Msafiri mkiwa mmeshamzoeza huyo mtu, angalau aje mara kadhaa mkiwepo. Wanyama hawa wanaamka giza likiingia, kwa hivyo ziara ya jioni ndiyo atakayowaona wakila. Asipowaona wakila, akupigie usiku huo huo.

#22 MamaWawili

Sawa. Kipimo nimekiagiza, kinakuja kesho na boda. Nitawaletea namba za Ruaka hapa.